Akodiani ni mtoto wa nani?

Masika haya akodiani yetu ilikuwa inaumwaumwa, na siku tatu kabla ya harusi moja ya Kikwajuni ikapoteza sauti. Si zote. Ni moja tu, noti iitwayo la, ile ya kati: ukiibonyeza inatoka hewa tupu, fyuuu, kama kibogoyo anayepoza uji. Wapiga taarab wanajua kwamba nyimbo ambazo unaweza kuzipiga ukaikwepa la ni chache mno. Tukaibeba mpaka kwa fundi.

Fundi akatandika mkeka barazani, akaifungua misumari mmoja mmoja. Mtu ambaye hajawahi kuona tumbo la akodiani hudhani atakuta nyuzi humo, au vinyundo kama vya piano, maana kwa nje ina vibao vyeupe na vyeusi. Hakuna. Kuna vipande vya mbao vilivyosimama safu kwa safu kama masega, na ubavuni mwa kila kipande vimepangwa vindimi (ndimi ndogo) vya chuma vyembamba. Kila kidimi kimekazwa upande mmoja, ncha ya pili imeachwa huru juu ya tundu lake. Fundi akakitafuta cha la, akakinyanyua kwa sindano. Kutu ilikuwa imekishika ukingoni. Mzigo wote ule tulioubeba begani kutoka Mji Mkongwe ulinyamaza kwa kutu isiyofika hata punje ya chumvi.

Mpwa wangu alikuwa pale na daftari lake. Anasoma muziki jioni, na alipewa jedwali la kujaza: nyuzi, mbao, shaba, ngoma. Wiki iliyopita aliiweka saksafoni kwenye shaba, akapigwa kosa, na hakuelezwa kwa nini. Bado ana kinyongo. Akachungulia tumbo la akodiani, akaniuliza: "Mjomba, na hii naiweka wapi? Ina vibao kama piano, inavuta pumzi kama mtu, na ndani vyuma vitupu."

Swali zuri kuliko jedwali lenyewe. Fundi akacheka, akasema, "Haya, mjibu."

Matatizo yote yanaanzia kwenye majina. Wazungu waliviita vyombo fulani "vya mbao" na vingine "vya shaba" kwa sababu zamani ndivyo vilivyotengenezwa. Mambo yakabadilika, majina yakabaki. Ni kama Darajani petu. Ukimwambia mgeni mkutane Darajani naye akaenda kutafuta daraja, atazunguka mpaka magharibi. Daraja lilikuwepo, lilivuka mkono wa bahari uliotenga mji na Ng'ambo. Bahari ikafukiwa, daraja likaondoka, na sisi mpaka leo tunapanda daladala za Darajani bila kujiuliza. Basi "mbao" na "shaba" kwenye okestra ni majina ya mtaa. Hayasemi chombo kimetengenezwa kwa nini.

Ukitaka kujua chombo ni cha ukoo gani, uliza jambo moja: unapokipiga, ni kitu gani kinachoanza kutetemeka?

Kwa nyuzi jibu ni jepesi. Fidla, viola, selo na dabali besi ni ndugu wa tumbo moja, wanaopishana kwa kimo tu. Fidla unaiweka begani, viola ni fidla iliyonenepa kidogo, selo unaikumbatia kati ya magoti, na besi unasimama nayo kama mnaagana. Nne zote zinapigwa kwa uta uliovishwa singa za mkia wa farasi, na singa hizo zinapakwa utomvu mkavu wa msonobari, kitu kinachofanana na sandarusi waliyokuwa wakiiuza babu zetu. Bila utomvu ule uta unateleza tu juu ya uzi, kimya. Ukishapakwa, singa zinaushika uzi, zinauvuta, unaponyoka, zinaushika tena, mara mamia kwa sekunde moja. Uzi wa la wa fidla unatetemeka mara 440 kwa sekunde. Ukiukata urefu wake nusu kwa kidole, unatetemeka mara 880, na sikio linasikia la ileile, ila ya juu.

Lakini uzi peke yake hauna sauti ya kujaza hata chumba. Kazi ya kupaaza ni ya sanduku. Mtetemo unashuka kupitia kibao kidogo kinachoziinua nyuzi, unaingia kwenye uso wa fidla, na mbao ile nyembamba ndiyo inayousukuma hewani. Ndiyo maana fidla iliyopasuka uso hata nyuzi mpya haziisaidii.

Hapa mlangoni pa nyuzi wanaingia pia gita, kinubi, udi na kanuni, ambao wanadonolewa badala ya kusuguliwa. Na kama kuna mtu anayedhani fidla ililetwa kwetu na Wazungu na kwa hiyo ni yao peke yao, aulize nasaba. Fidla ina babu katika rababa ya Waarabu, iliyovuka kwenda Ulaya zama za kati. Udi nao ulivuka kupitia Andalusia, na Wazungu wakaubeba mpaka na jina lake: "al-ud" ikawa "lute" midomoni mwao. Kwetu sisi njia ilikuwa nyingine. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, akarudi na kanuni. Mwaka 1905 kikaanza kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa. Fidla ilipokaa katikati ya taarab ilikuwa inakutana na jamaa zake, na ilikuwa na sifa moja waliyoitaka: shingo yake haina vipande vya kugawa sauti. Kidole kinatua popote. Robo ile ya sauti ambayo rasti, moja ya maqamu (ngazi za sauti) za Kiarabu, inaidai, fidla inaitoa bila kuombwa mara mbili. Piano haina, imeruka kutoka kibao hadi kibao.

Na piano je? Mpwa wangu aliiweka kwenye safu ya tano aliyoichora mwenyewe pembeni, "vibao". Wengi wanafanya hivyo, na wapangaji wa okestra wana sababu zao. Lakini fungua kifuniko cha piano: nyuzi 230 hivi zimekazwa kwenye fremu ya chuma, na kila kibao kinarusha kinyundo kilichovikwa sufu. Kibao ni mkono tu. Kinachotetemeka ni uzi. Bartolomeo Cristofori wa Firenze, aliyeitengeneza karibu na mwaka 1700, alikuwa anatafuta njia ya kuupiga uzi kwa nguvu au kwa upole kadiri mpigaji anavyotaka. Piano ni chombo cha nyuzi kilichojifunza kupigwa kama ngoma.

Nitoke njiani kidogo, maana hili huwa linanikera. Tunaitazama piano kama kitu kilichotoka mbali, na sisi hatuhusiki. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, na shehena nyingi zilikwenda Marekani, katika jimbo la Connecticut, ambako viwanda vilizichana kuwa vipande vyembamba vya kubandika juu ya vibao vya piano. Mji mmoja huko unaitwa Ivoryton hadi leo kwa sababu hiyo. Pembe zile zilitoka bara kwenye mabega ya watu, baadhi yao watumwa, zikapita forodhani kwetu. Vibao vyeupe vya sebule za watu wa New England vina historia ambayo sehemu yake imeandikwa hapa.

Turudi kwa upepo, maana hapa ndipo jedwali lilipomwangusha mtoto.

Chukua chupa tupu ya soda, ipulize kwa juu, mdomo ukigusa ukingo. Inalia. Hakuna kitu kigumu kilichotetemeka. Pumzi imegonga ukingo, ikagawanyika, nusu ndani nusu nje, na hewa iliyo ndani ya chupa ikaanza kucheza. Hiyo ndiyo filimbi. Ndiyo nai ya mwanzi pia, na ndiyo filimbi ya fedha ya okestra, ambayo haina kijiti cha mbao ndani yake tangu Theobald Boehm wa Ujerumani aliposhikilia chuma mwaka 1847, na bado Wazungu wanaiita chombo cha mbao.

Sasa chukua ukuti. Mtoto yeyote aliyekulia shamba Unguja au Pemba ameshauzungusha ukuti mchanga ukawa kipembe, akaubana ncha, akapuliza mpaka akafukuzwa na bibi yake. Pumzi inapita kati ya kuta mbili za jani, kuta zinagongana na kuachana, upesi upesi. Zumari la ngomani ni hilohilo lililovaa rasmi. Na obo ya okestra ni jamaa yake wa damu: ndimi mbili za mwanzi zimefungwa pamoja, zinagonganishwa na pumzi. Basuni ni hivyo pia, ila bomba lake ni refu hata limekunjwa likarudi juu. Klarineti ina ulimi mmoja tu, umebanwa kwenye mdomo wa chombo, na unapiga juu ya ukingo.

Wapulizaji wa klarineti wana fumbo moja ninalolipenda. Filimbi na klarineti zinakaribiana sana kwa urefu, sentimita 66 hivi. Lakini klarineti inashuka chini karibu oktavu nzima (umbali kama ule wa la ya 440 na la ya 880) zaidi ya filimbi. Kwa nini? Kwa sababu filimbi iko wazi pande zote mbili, na klarineti upande wa mdomoni umezibwa na ulimi na midomo. Pumzi ndani ya bomba lililozibwa upande mmoja inafanya wimbi refu mara mbili. Ukitaka kuamini, puliza ukingoni mwa kipande cha bomba la maji, halafu uzibe upande wa pili upulize tena.

Klarineti na obo nzuri, kwa taarifa ya anayeuliza, zinatengenezwa kwa mpingo, mti wa bara yetu ya kusini, kule Kilwa na Lindi. Ni mti mzito kiasi kwamba ukitupwa majini unazama. Wachongaji wetu wanaujua kwa vinyago. Mafundi wa Paris wanaujua kwa matundu na vibonyezo. Hapo kwa mara moja jina na kitu vinapatana: chombo cha mbao kimetengenezwa kwa mbao.

Saksafoni ndiyo iliyoharibu hesabu. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliiandikisha mwaka 1846. Alikuwa fundi wa klarineti, na alitaka chombo chenye wepesi wa klarineti na kifua cha bendi ya jeshi. Akachukua mdomo wenye ulimi mmoja wa mwanzi, akaufunga kwenye bomba la shaba lililopanuka kuelekea chini. Mwili wote shaba inang'aa, lakini kinachotetemeka ni ulimi wa mwanzi mdomoni. Kwa hiyo ni ya ukoo wa mbao. Mpwa wangu aliangalia vazi. Simlaumu.

Njia ya tatu ya kupuliza haitaki ukingo wala ulimi. Inataka midomo yako mwenyewe. Bana midomo, pitisha pumzi, iache itetemeke, prrrr, kama mtoto anayeigiza motaboti. Weka hiyo prrrr kwenye pembe, ikawa mbiu, na mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Weka kwenye bomba la shaba lililokunjwa, ikawa tarumbeta. Ukoo ambao Wazungu wanauita "shaba" ni ukoo wa midomo, na ungeitwa hivyo tungepumzika sote. Kwani siwa, lile baragumu la watawala, ni nini? Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na Mwinyi Mkuu wa Dunga naye alikuwa na siwa na ngoma zake za utawala. Vifaa mbalimbali, ukoo mmoja, kwa sababu zote zinalia kwa mtetemo wa midomo. Siwa ya pembe ni "shaba" bila chembe ya shaba, na saksafoni ni "mbao" bila ukuni. Nilipomwambia hivyo mpwa wangu aliandika pembeni kwa herufi kubwa: KICHAA.

Bomba la midomo lina ukaidi wake. Kwa urefu mmoja halikupi sauti zote. Linakupa ngazi yenye vidato vilivyoachana chini na kubanana juu, na unavipanda kwa kukaza midomo. Ndiyo maana tarumbeta za zamani za jeshi zilipiga miito tu, si nyimbo. Tiba ni kubadilisha urefu wa bomba huku unapuliza. Tromboni inafanya hivyo waziwazi, unasukuma mkono mbele na nyuma katika vituo 7. Tarumbeta inafanya kwa siri: kuanzia miaka ya 1810 Ujerumani walivumbua vali, na leo kila pistoni unayobonyeza inafungua kipande cha bomba cha ziada. Tarumbeta ikinyooshwa ina mita 1.4 hivi. Tuba kubwa inapita mita 5. Wanaume wa beni ya mbwa kachoka wanaovipuliza vyombo hivi kwenye harusi zetu, vimebonyea, vimefungwa kwa utepe na kamba, wanaijua ngazi hiyo kwa midomo yao bila kuandikiwa; na ukisikiliza vizuri, sauti moja inayoonekana "mbovu" kwenye tarumbeta iliyochoka ni kidato halisi cha ngazi ile, ambacho pistoni ingekirekebisha kama isingekuwa imekwama.

Kwa ngoma sitakaa sana, kwa sababu hapa sisi ndio walimu. Okestra inaviweka pamoja vyote vinavyopigwa, na kwa kweli ni ukoo wa mchanganyiko. Ngoma, dumbaki, tari na timpani vinatetemeka ngozi. Matuazi, njuga, kayamba na marimba vinatetemeka mwili mzima, havina ngozi wala uzi. Timpani zenyewe ni wajukuu wa naqqara za Waarabu, na matuazi yaliingia Ulaya kwa bendi za jeshi la Waturuki. Marimba haihitaji maelezo. Jina ni letu.

Jedwali la skuli lina koo nne kwa sababu linafuata viti vya okestra: nani akae karibu na nani ili asimzibe mwenziwe. Kwa kazi hiyo linatosha. Lakini walipotokea watu wenye vyombo vya dunia nzima mbele yao, viti havikutosha. Victor-Charles Mahillon alikuwa akitunza jumba la vyombo Brussels, na mwaka 1880 alitoa orodha yake akivigawa kwa kile kinachotetemeka: nyuzi, pumzi, ngozi, mwili wenyewe. Erich von Hornbostel na Curt Sachs wakaupanua mpango huo mwaka 1914, na ndio unaotumika katika majumba ya makumbusho hadi leo. Wazo lenyewe, hata hivyo, halikuzaliwa Ulaya. Wahindi walikuwa nalo zaidi ya miaka elfu kabla: katika maandiko yao ya kale ya sanaa ya jukwaani, vyombo ni vilivyokazwa, vilivyofunikwa, vilivyo vigumu na vilivyo na uwazi. Limefika Brussels kutoka ng'ambo ileile ya bahari ambako pepo za kaskazi zimekuwa zikituletea majahazi.

Sachs akaongeza ukoo wa tano mwaka 1940, wa umeme. Kinanda kinachotawala rusha roho ni cha huko. Hakuna kinachotetemeka mpaka umeme ufike kwenye spika. Na hilo neno "kinanda" ni la kuchekesha. Wazee wetu waliliita gambusi kinanda, chombo cha nyuzi. Halafu likahamia kwenye kinanda cha kanisani, ambacho ni pumzi kwenye mabomba. Halafu santuri. Sasa umeme. Neno moja limekaa karibu kila nyumba.

Basi, akodiani. Vibao tusivitazame, tumeshaona kwa piano kwamba kibao ni mkono. Mivukuto nayo ni mapafu, kama ya mhunzi. Kinachotetemeka ni kile kidimi cha chuma: pumzi inakisukuma ndani ya tundu lake, kinarudi, kinasukumwa tena, bila kugonga kitu. Ulimi wa klarineti unagonga ukingo, ndimi za zumari zinagongana, huu unapita huru. Wachina waliujua ulimi wa namna hiyo katika sheng yao zamani sana. Cyrill Demian aliuandikisha kwa jina la akodiani mjini Vienna mwaka 1829. Ukoo wake ni upepo, mlango wa ulimi huru, pamoja na kinanda cha mdomo wanachopuliza watoto.

Na kwa kuwa sauti inakaa kwenye kidimi, unaweza kuibadilisha sauti kwa kukikwangua kidimi. Ukipunguza chuma kwenye ncha kinakuwa chepesi, kinapanda. Ukipunguza karibu na mguu kinalegea, kinashuka. Wamisri walitumia ujuzi huo kuzifundisha akodiani robo za sauti, chombo cha Vienna kikaimba maqamu.

Fundi aliifuta kutu, akakwangua mara mbili kwenye ncha, akakirudisha. Mpiga fidla wetu akatoa la yake. Zikasikika mbili, zinapigana, wawawawa, polepole. Akakwangua tena kidogo, wawa ikarefuka, mwisho ikalala. Mpwa wangu alikuwa ameshaifuta safu ya "vibao". Piano akairudisha kwenye nyuzi. Kwenye akodiani aliandika "upepo", akasita, akamuuliza fundi kama mwalimu atamuelewa. Fundi alikuwa na sindano mdomoni, akanyanyua mabega tu.